Sufuria nzito ya chuma yenye enameli: nichukue 24, 26 au 28?

mpishi_wa_jumapili

Habari za jioni wadau wa jikoni. Naombeni mawazo yenu kabla sijajibu ujumbe unaonisubiri tangu juzi.

Wenzangu kazini wamechanga, wanataka kunizawadia sufuria ya chuma cha kusubu, zile nzito zilizopakwa enameli ndani na nje. Wameniachia mimi nichague rangi na ukubwa. Rangi nimemaliza, bluu, na mke wangu ameridhia. Ukubwa ndio unaonitoa jasho. Kwenye orodha waliyonitumia kuna za duara za sentimita 22, 24, 26, 28 na 30, halafu kuna mbili zenye umbo la yai. Kila moja imeandikwa lita zake, ila kusema kweli lita hazinielezi kitu. Sijawahi kupika nikahesabu lita.

Nyumbani tuko wanne, watoto wawili bado wadogo. Siku za kazi anapika yeyote aliyewahi kufika, mwisho wa wiki jiko ni langu. Napika sana maharage, nyama ya mchuzi ya kukaa jikoni muda mrefu, na supu ya kuku mzima. Nataka pia nianze kuoka mkate ndani ya sufuria, nimeona watu wanafanya na mkate unatoka na ganda zuri. Wageni wanakuja mara mojamoja, lakini wakija wanakuja kweli, watu wanane mpaka kumi.

Jiko langu ni la umeme, lile la kioo. Duara kubwa kuliko yote nimelipima, ni sentimita 21. Oveni ni ya kawaida, si kubwa.

Kila ninayemuuliza ana namba yake. Shemeji anasema chukua kubwa kuliko zote, si hela yako. Rafiki yangu anasema 24 inatosha familia yoyote. Mnaotumia vyombo hivi, mnasemaje?

---

nyumba_ya_wengi

Mkuu, chukua 30 na usiangalie nyuma. Chakula kidogo utakipika kwenye sufuria kubwa bila shida, ila chakula kingi hakiingii kwenye sufuria ndogo hata ukibembeleza. Halafu hiki ni chombo cha kudumu. Watoto watakua, watakula mara mbili ya sasa.

---

mwikomrefu

Nyumba ya wengi, nakuheshimu, ila hapo unampoteza mwenzako.

Nimeuza vyombo vya jikoni miaka mingi. Sasa nimepumzika, nina wajukuu wanaokula kwangu kila wakipata upenyo, kwa hiyo hizi sufuria nazijua zikiwa kwenye boksi na nazijua zikiwa na ukoko. Dukani wateja wote hufanya yaleyale. Anasoma lita kwenye boksi, anainua sufuria tupu, anagonga kifuniko kwa ukucha asikie mlio, kisha anauliza, "Hii ni ya watu wangapi?" Mara chache sana nimeona mtu akifungua kifuniko akatazama kitako. Mimi naanzia hapo.

Zile sentimita unazoziona kwenye orodha hupimwa mdomoni, si chini. Kuta za sufuria nyingi za aina hii zinaingia ndani kidogo kadiri zinavyoshuka, na kule chini kabisa kuna kona ya mviringo. Kwa hiyo ile ya 26 unaweza kukuta pale chini palipo bapa hasa ni 20 au 21 tu. Ya 28 ni kama 23. Hapo ndipo nyama inapokaa, na hapo ndipo vitunguu vinaposhika rangi. Mdomo ni wa kupitishia mwiko.

Sasa tupige hesabu ya nyama yako. Kilo moja ya steki ukiikata vipande vya sentimita 4 kila upande, unapata vipande kama 15. Kila kimoja kinakalia sentimita za mraba 16, lakini ukivibananisha vitatoa maji, na maji yakikosa pa kutokea nyama itachemka badala ya kukaangika. Kila kipande kipe nafasi ya kuhema, fanya sentimita za mraba 28 hivi. Mara 15 ni 420. Kitako cha sentimita 20 kina eneo la 314 tu. Cha 23 kina 415. Maana yake ni kwamba kwenye sufuria ya 26 kilo moja utaikaanga kwa awamu mbili, na kwenye ya 28 inaingia kwa awamu moja ya kubanana kidogo. Tofauti ya sentimita 2 kwenye boksi inaonekana si kitu, kumbe ni awamu nzima ya kukaanga.

Utasema basi 28. Subiri, kuna hilo jiko lako.

Watu wanasifia chuma hiki kwamba kinasambaza moto vizuri. Sivyo. Kinatunza moto vizuri, kusambaza ni kazi nyingine kabisa. Aluminiamu inapitisha joto mara kama nne kuliko chuma cha kusubu, shaba mara kama nane. Ndiyo maana ukiweka sufuria ya chuma yenye kitako kipana juu ya duara dogo la moto, katikati panaungua na pembeni vitunguu vimelala tu. Enameli haisaidii chochote hapo, yenyewe ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma. Duara lako ni 21. Sufuria ya 26 inalikalia karibu sawasawa. Ya 28 inazidi kidogo, na hilo linavumilika ukiipasha polepole kwa moto wa wastani dakika kadhaa kabla ya kutia mafuta. Ya 30 kitako chake kinatoka nje ya duara kuzunguka pande zote, na hapo kila siku utakuwa unahamisha nyama kutoka pembeni kuileta katikati.

Kuhusu lita. Namba iliyoandikwa ni ya kujaza mpaka ukingoni, na hakuna anayepika mpaka ukingoni. Toa robo. Kwa sufuria za kiwanda cha Le Creuset, ya 26 imeandikwa lita 5.3, wewe ihesabu kama 4. Ya 24 ni lita 4.2, ihesabu kama 3. Ya 28 ni 6.7, kwa hiyo 5. Na usichukue sentimita za kiwanda kimoja ukalinganisha na lita za kingine: Staub ya 24 ni lita 3.8, hiyo Le Creuset ya 24 ni 4.2. Mdomo ni uleule, kina na kuta ndivyo vinavyotofautiana.

Kama lita hazikuelezi kitu, zipe sura. Chukua sufuria unayopikia maharage siku zote. Weka alama kwa kidole pale chakula kinapofikaga ikiwa tayari inachemka, kisha jaza maji mpaka hapo kwa chupa ya lita moja, huku unahesabu. Hiyo ndiyo lita yako. Gawa kwa tatu, zidisha kwa nne, umepata namba ya kutafuta kwenye orodha. Fanya hivyo kwa maharage na kwa supu ya kuku, maana supu ndiyo inayokula nafasi. Kuku mzima lazima afunikwe na maji, au karibu.

Jambo la mwisho ndilo wateja walikuwa wakirudi kulilalamikia: mikono. Sufuria ya 26 na kifuniko chake ni kilo 5 na kitu, tupu. Tia lita 4 za mchuzi, una zaidi ya kilo 9. Ya 30 tupu ni kilo 7 na ushee, ikijaa chakula inagonga 14. Na hiyo huibebi kama ndoo, mkono ukining'inia. Unaishika kwa vishikio viwili vidogo, una vitambaa mkononi, viwiko vimekunjwa mbele ya kifua, chakula kinachemka. Halafu fikiria kuitoa kwenye oveni, umeinama. Vifundo vyangu vya mkono sasa hivi haviitaki ya 28 ikiwa imejaa, naisogeza kwa kumwita mtu. Nenda kajaze ndoo maji lita 9, ishike kwa mikono yote miwili hivyo nilivyokueleza, itoe sakafuni uiweke juu ya meza. Kisha jaribu na lita 14. Mwambie na mke wako ajaribu, maana umesema anapika aliyewahi kufika.

Kwa nyumba ya watu wanne, jiko la duara la 21, nyama, maharage na mkate, mimi ningekuuzia 26. Ningekuonyesha na 28 usije ukasema nilikuficha.

---

nyumba_ya_wengi

Shikamoo mama. Hesabu nimezikubali, ila bado sijaona ubaya wa sufuria kubwa kupikia chakula kidogo. Nafasi ikibaki si inabaki tu? Haili chakula.

---

mwikomrefu

Marahaba mwanangu.

Inakula mchuzi. Maji hutoka kama mvuke kupitia uso wa juu, na uso wa juu unafuata upana wa sufuria. Chukua mchuzi uleule, lita moja na nusu, utie kwenye ya 22 kisha utie kwenye ya 30. Ya 22 ina uso wa sentimita za mraba 380, ya 30 ina 707. Kifuniko kikiwa wazi, ile pana itakauka karibu mara mbili ya haraka kwa moto wa nguvu ileile kwa kila eneo, na mchuzi wenyewe umelala kama sentimita 2 tu kutoka chini. Ukienda kupokea simu ukarudi, umeshika.

Kisha kuna ile nyama ya kupika polepole na majimaji kidogo, yanayofika nusu ya kimo cha nyama. Kilo moja ndani ya sufuria pana inatawanyika. Ili maji yafike hiyo nusu inabidi uongeze maji, ukiongeza maji mchuzi unakuwa mwepesi hauna ladha, unaanza kuukausha, nyama nayo inapitiliza. Ndani ya sufuria inayoitosha, nyama inakaa kwa kusogeleana, maji machache yanapanda juu yenyewe, na mchuzi unatoka mzito bila kuutia kitu.

Kwa supu nakubaliana na wewe. Supu haijali. Na kama mtu kweli anapikia watu wanane kila siku, achukue 30 na Mungu ampe mikono.

---

mkate_moto

Niingie kwenye mkate, maana ndiyo kazi yangu kila wiki.

Kwa unga wa gramu 500, ambao ndio mapishi mengi ya mkate wa ndani ya sufuria yanaanzia, 24 au 26 ndiyo penyewe. Donge la namna hii huwa laini na lina maji mengi, likipata nafasi linatambaa kabla halijapanda. Kwenye ya 28 mkate wangu unatoka bapa, kwenye 24 unapanda juu kwa sababu kuta ziko karibu. Kina ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: hakikisha kutoka chini mpaka kwenye kifuniko kuna nafasi ya mkate kupanda. Zile pana na fupi za kupikia vitu vya rojo usizichukue kwa mkate.

Mambo mawili ambayo mpishi_wa_jumapili ayaulize kabla ya kuagiza. Kwanza, kishikio cha juu ya kifuniko ni cha chuma au cha plastiki ngumu? Mkate unaokwa nyuzi 230 na zaidi, na vishikio vya plastiki vina kikomo chake, kinaandikwa kwenye kijitabu. Pili, je, kiwanda kinaruhusu kuipasha sufuria tupu ndani ya oveni? Wengine wanakataza, kwa sababu enameli na chuma havitanuki sawasawa, na kuipasha tupu mara kwa mara kunaweza kuitia mipasuko midogo kama nywele. Mimi siipashi tupu siku hizi. Donge naliweka juu ya karatasi ya kuokea, naliingiza kwenye sufuria ya baridi, nafunika, naiweka kwenye oveni iliyokwisha kupata moto na naongeza dakika chache. Ganda linatoka zuri vilevile.

---

pembe_nne

Hakuna aliyegusa zile za umbo la yai, acha nizisemee kwa kuwa ninayo.

Inapendeza mezani, na kama unapika mguu mzima wa mnyama au kuku ndani ya oveni haina mpinzani. Kuku analala vizuri, hakuna kona tupu za kujaza maji. Lakini juu ya jiko la duara ni mtihani. Ncha mbili ziko nje ya moto, na kama alivyosema mwikomrefu, chuma hiki hakiupeleki moto huko kwa hiari. Mimi nyama nakaanga kwenye kikaango kingine kisha naihamishia. Kwa mtu anayetaka sufuria moja ya kila kazi, tena kwenye jiko la kioo la duara 21, achukue ya duara.

Ongezeo: pima oveni yako ukiwa umehesabu vishikio vya pembeni na kishikio cha juu. Sufuria ya 26 si 26 ikiwa ndani ya oveni. Vishikio vinaongeza sentimita 8 hivi kwa upana, na kile cha juu kinaongeza kimo. Kata boksi la karatasi la vipimo hivyo uliingize, mlango ufunge.

---

mpishi_wa_jumapili

Shikamoo mama mwikomrefu. Wakuu wengine, asanteni sana, nilitegemea mistari miwili mitatu nimepata darasa.

Nimefanya kazi mliyonipa. Maharage yetu ya kawaida, nusu kilo yakiwa makavu, yakishavimba na maji yake yanafika lita 2 na nusu. Supu ya kuku imefika 4 na kidogo. Kuku mwenyewe ni wa kilo moja na nusu. Kwa hesabu ya kugawa kwa tatu na kuzidisha kwa nne, maharage yanataka sufuria ya lita 3 na kidogo, supu inataka kama 5 na nusu. Kwa hiyo kwa supu niko juu kidogo ya ile 26, kwa maharage niko chini yake kabisa.

Ndoo: lita 9 tumezibeba wote wawili, mke wangu akasema kila siku hapana, ila Jumapili sawa. Lita 14 mimi nimeziweka mezani kwa kuguna, yeye amekataa hata kugusa. 30 imetoka kwenye mashindano, samahani sana mkuu nyumba_ya_wengi.

Boksi la karatasi la 28 limeingia kwenye oveni, ila likiwa ndani hakuna kitu kingine kinaingia. La 26 linaacha nafasi ya kutia mkono na kitambaa.

Maswali yaliyobaki. Je, supu ya lita 4 na kidogo ndani ya 26 itanisumbua? Wageni kumi nitawapikiaje? Na ndani ya sufuria nichukue nyeupe au nyeusi? Nimeona zote mbili.

---

mwikomrefu

Marahaba baba. Umefanya kazi nzuri, wateja wangu wangekuwa hivi ningestaafu mapema.

Supu: ile robo niliyokwambia utoe ni ya kitu kinachotokota na kurukaruka. Supu ya kuku nzuri haitakiwi kurukaruka, inatakiwa kuchezacheza tu pembeni, kwa hiyo unaweza kwenda mpaka lita 4 na nusu kwenye sufuria ya 5.3 bila kumwagia kioo cha jiko. Tia maji yamfunike kuku mpaka mabegani, kifua kikiwa juu kidogo kinaiva kwa mvuke kwa kuwa kifuniko ni kizito. Mgeuze mara moja katikati. Ukikuta kuku wa kilo mbili na zaidi, mkate vipande.

Wageni kumi usiwanunulie sufuria. Wanakuja mara mojamoja, sufuria inakaa kwenye kabati mwaka mzima. Siku hiyo nyama pika kwenye hii ya chuma, kilo mbili zinaingia ukizikaanga kwa awamu nne, na vingine vyote pikia kwenye sufuria zako nyepesi za siku zote. Faida ya chuma siku ya wageni ni kwamba ukishazima jiko na kufunika, nyama inabaki ya moto muda mrefu wakati unahangaika na mengine. Uzito huohuo unaokulalamisha ukiibeba ndio unaoshika moto. Tena nyama ya aina hii ukiipika jana yake inakuwa tamu zaidi, basi unaweza kupika mara mbili na jioni ukawa umekaa na wageni wako.

Nyeupe au nyeusi. Nyeupe kwako. Unaona rangi ya vitunguu na ya ukoko wa nyama inavyobadilika, unajua wakati wa kutia maji kabla havijaungua. Itachafuka, hilo lijue sasa. Kitako kitapata wingu la kahawia lisilotoka kwa kusugua, na usilisugue kwa steli waya. Chemsha humo maji yenye vijiko viwili vya magadi ya kuokea, acha yapoe, pitisha sponji. Litakalobaki ni alama tu, chakula hakilijui. Nyeusi ina uso mkavu wenye chembechembe, inashika mafuta vizuri na haionyeshi uchafu, na kuna wapishi hodari hawataki nyingine. Ila kukisia rangi ya mchuzi ndani ya sufuria nyeusi, usiku, chini ya taa ya jikoni, macho yangu yalishaikataa kazi hiyo.

Na kioo cha jiko: usiiburute. Inua, weka. Chini ya kitako chembe moja ya mchanga au ya chumvi inatosha kuchora mstari wa milele. Moto wa juu kabisa usiutumie hata siku moja isipokuwa kuchemsha maji. Sufuria ikiwa ya moto usiipeleke kwenye sinki chini ya maji baridi, enameli inaweza kupasuka na kubanduka, na ikibanduka ndani hakuna fundi.

---

nyumba_ya_wengi

Nimeshindwa kwa hoja, nakubali. Ila mkuu akipata wageni kumi na watano atanikumbuka.

Mama, swali langu la pembeni: mimi nina ya 30 tayari, na jiko langu ni la gesi, lile la moto mdogo. Katikati inaungua kila siku kama ulivyosema. Kuna namna, au niiuze?

---

mwikomrefu

Usiiuze. Ihamishie kwenye oveni.

Anza juu ya jiko kwa moto mdogo wa wastani, kaanga nyama kidogokidogo pale katikati tu, kila awamu ikitoka inakaa kwenye bakuli. Vitunguu navyo vikaangie hapohapo katikati. Rudisha vyote, tia maji, subiri yaanze kuchemka, funika, ingiza kwenye oveni nyuzi 150 au 160. Huko moto unaizunguka sufuria pande zote, hautoki chini peke yake, na ile shida ya kitako kipana inaisha yenyewe. Nyama ngumu ipe saa mbili na nusu mpaka tatu, uifungue mara moja katikati uone maji. Kabla ya kuiingiza shusha rafu ya oveni mpaka chini kabisa, ili usiinue kilo kumi na nne ukiwa umenyoosha mikono.

---

mpishi_wa_jumapili

Nimewajibu kazini: ya duara, 26, bluu, nyeupe ndani, kishikio cha juu kiwe cha chuma. Wameniuliza kama nataka na ile mikono midogo ya silikoni ya kushikia vishikio. Niseme ndiyo?

---

mkate_moto

Kwa jikoni, sawa. Kwa nyuzi 230 za mkate angalia kikomo chake kwanza, silikoni nayo hutofautiana. Mimi natumia glovu nene za kitambaa zinazofika karibu na kiwiko, kavu kabisa. Zikiwa na unyevu moto unapita mara moja.